Mafia kwa ndege ndogo au kwa kivuko cha Nyamisati: ipi ikufae?

Ikifika Oktoba, papa potwe, wale papa wakubwa wapole, wakianza kuonekana mbele ya Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, simu yangu hugeuka ofisi ya tiketi. Mwenzangu wa kazini, shemeji, mtoto wa jirani, wote swali lao ni moja: nipande ndege au niteremkie Nyamisati? Nami huwajibu kwa swali: unarudi lini, na unarudi na nini? Wengine wananuna, wanadhani nawakwepa. Siwakwepi. Kwenda Mafia kwa njia yoyote ni kazi ndogo. Shughuli iko kwenye kurudi, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Mimi mzaliwa wa kule, makazi yangu Mbagala. Njia zote mbili nimezipita, nyingine kwa raha, nyingine nikiwa nimekumbatia ndoo.

Ndege: nusu saa na kilo 15

Ndege za Mafia ni zile ndogo za propela moja mbele, nyingi zikiwa Cessna Caravan. Viti vya abiria ni 12 au 13, bawa liko juu ya madirisha kwa hiyo kila mtu anaona chini, na mgongo wa rubani unao mbele ya macho tangu mnaruka hadi mnatua. Siku abiria wakijaa, mmoja hukalishwa kiti cha mbele kando yake, na wapo watu wazima na ndevu zao wanaokigombea kiti hicho kama watoto. Auric Air na Coastal Aviation ndiyo majina ambayo watu wa Mafia wameyazoea. Angani ni kama nusu saa tu. Ukitoka Dar, kaa upande wa kulia: utaiona Rufiji ikimwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa baharini, mikoko imeufunga ufuko wote, na kabla hujamaliza kushangaa rubani ameshaanza kushuka.

Kosa la kwanza la wageni ni jengo. Ndege hizi zinaondokea Jengo la Kwanza pale uwanja wa Julius Nyerere, lile la zamani. Dereva wa teksi ukimwambia "uwanja wa ndege" basi atakupeleka Jengo la Tatu, la pili likiwa bahati, na utajikuta unaburuta begi kwenye jua huku saa inakwenda. Mwambie jengo kabla hujafunga mlango.

Kosa la pili ni mzigo. Kilo 15 ndiyo kawaida, na mara nyingi mkoba wa mkononi umo humo humo. Watu hudhani ni ukali wa kampuni. Caravan yenyewe, pamoja na mafuta, rubani, abiria na mabegi yao, hairuhusiwi kuruka ikizidi takriban tani 4. Mkijaa watu 12 wenye afya zenu, kinachobaki kwa mabegi ni kidogo sana. Ndiyo maana siku nyingine na wewe mwenyewe unapandishwa mizani, na ndiyo maana wanataka begi laini: mizigo inasukumwa kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege, lenye vilango vya kuchungulia tu. Sanduku gumu la magurudumu halina pa kukunjwa.

Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja pale Kilindoni, amevaa khanga mpya, na dumu la lita 20 miguuni. Kijana wa kaunta akainama akalishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mbona unaniamkia na mkono uko kwenye dumu langu?"

"Lina nini, mama?"

"Mafuta ya nazi. Nayapeleka kwa mwanangu Dar, amejifungua."

"Hongera kwa mjukuu. Lakini hili haliendi, mama."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lita 20 za mafuta ya nazi peke yake zinapita kilo 18, na hapo bado begi, bado mkoba, bado pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Tutarudi kwenye dumu hili.

Jambo la tatu si kosa la mtu, ni tabia ya usafiri wenyewe. Ndege ndogo ni daladala ya angani. Inashusha hapa, inapakia pale. Leo mnakwenda moja kwa moja, kesho mnapitia Unguja kwanza. Muda wa tiketi unaweza kusogezwa kwa ujumbe wa simu jioni ya kuamkia safari. Kampuni moja iliwahi kunisogeza kutoka asubuhi hadi alasiri wakati Dar nina kikao saa sita mchana. Kelele zangu hazikubadili kitu, na kwa kweli zisingeweza: ndege ilikuwa kisiwa kingine. Ukiwa na ndege kubwa ya kuunganisha kwenda nje ya nchi, usipange siku hiyo hiyo. Lala Dar.

Upande wa mema, uwanja wa Kilindoni umo ndani ya mji. Unashuka, unachukua begi lako, unatembea kwa miguu hadi sokoni. Sijui viwanja vingapi Tanzania mtu anaweza kujisifia hivyo. Tena njia yake ina lami tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi uliolipiwa na Wamarekani kupitia mfuko wao wa MCC. Wanaokumbuka zama za vumbi na matope wanajua masika ilikuwa inaamua nani asafiri. Anayekwenda Utende, kwenye hoteli za wapiga mbizi na lango la Hifadhi ya Bahari, ana kama kilomita 15 zaidi kwa gari au bodaboda.

Nauli ni ya malaki. Bei ya mkazi si ya mgeni, kwa hiyo ukipiga simu jitambulishe mapema na kitambulisho uwe nacho.

Nyamisati: ratiba anayoiandika mwezi

Safari ya baharini inaanzia nchi kavu, Mbagala Rangi Tatu. Basi linashika Barabara ya Kilwa, Mkuranga, Kimanzichana, hadi Bungu. Hapo linakata kushoto kuifuata bahari, na kipande hicho cha mwisho, kilomita 40 hivi, ndicho kirefu kuliko vyote hata kama ramani inasema vingine. Mnafika Nyamisati, kijiji cha Wilaya ya Kibiti kilichojificha ndani ya mikoko, harufu ya tope la chumvi na ya samaki wa kukaanga inakupokea kabla hujaona maji.

Na pengine maji huyaoni kweli. Nyamisati ni mkono wa bahari, si bahari. Maji yakikupwa, chombo kinakaa kinasubiri, na nahodha hana la kukufanyia. Maji hayajai saa ile ile kila siku, yanachelewa kwa kama dakika 50 kila kukicha, kwa hiyo chombo kilichoondoka jana saa nne usishangae leo kikaondoka karibu na saa tano, na wiki ijayo kikaondoka wakati mwingine kabisa. Siku za bamvua maji yanajaa sana na kukupwa sana. Siku za maji mafu mambo yana utulivu. Mtu wa pwani anajua haya bila kuambiwa. Mtu wa Dodoma anaona ratiba imebandikwa ukutani, anaiamini, kisha anakaa kwenye gogo kwa muda wa saa tano.

Usipige simu kuuliza "kivuko kinaondoka saa ngapi?" Uliza "kesho maji yanajaa saa ngapi, na kivuko kimepangwa?" Mwenye kukujibu hilo la maji bila kusita anajua kazi yake.

Kivuko chenyewe ni MV Kilindoni, cha serikali, chini ya TEMESA, wakala wake unaoendesha vivuko, kinachobeba abiria 200 na magari juu. Kabla yake tulikuwa tunapanda boti za watu binafsi na mashua za mizigo, tunalala juu ya magunia, tunafika na chumvi kwenye nyusi. Kivuko kimebadilisha mambo mengi. Bahari ikiwa tulivu, hesabu mwendo wa saa tatu hadi nne kufika Kilindoni. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, usihesabu. Upepo unakuja ubavuni, mawimbi mafupi mafupi ya mlango wa Mafia yanagonga bila kupumzika, na hapo ndipo ndoo yangu ilipoanzia. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Februari, ni muungwana zaidi, na kwa bahati nzuri ndio msimu wa papa potwe.

Lakini angalia kinachopakiwa. Magodoro, gunia la mchele, mabati, saruji, pikipiki mpya ambayo bado ina makaratasi, kabati la bibi harusi. Kurudi: nazi, nazi, nazi, pweza mkavu, samaki. Hakuna ndege ndogo itakayokubebea hayo. Mtu anayejenga Mafia, anayehamia Mafia, au anayefanya biashara ya nazi hana sababu ya kusoma ulinganisho huu: njia yake ni ya maji, na nauli yake inalipwa kwa noti chache za elfu kumi.

Kwa wengine, nauli hiyo ndogo inadanganya. Jumlisha basi la Rangi Tatu, chakula cha njiani, na pengine usiku mmoja gesti ya Nyamisati maji yakigoma. Halafu jumlisha siku. Kwenda ni siku nzima, kurudi ni siku nzima. Mwenye likizo ya siku nne amebakiwa na mbili. Bado kivuko ni nafuu kuliko ndege, sikatai; ila pengo si lile aliloliona mtu kwenye tiketi.

Simu ya alfajiri

Kuna hali moja ambayo hesabu zote hizi zinafutika. Simu inalia saa kumi na moja alfajiri, unaona jina la kaka yako wa Kilindoni, na unajua kabla hujapokea. Mafia walio wengi ni Waislamu, na maiti haisubiri. Akifariki usiku, anazikwa mchana, adhuhuri au alasiri. Kwa Nyamisati hata ukiondoka dakika ile ile, utakuta watu wameshakaa mkekani, kaburi lina maji yaliyomwagiwa juu. Kwa ndege ya asubuhi unaweza kushika jeneza.

Ninamfahamu mtu aliyelipa nauli ya ndege kwa kuchangiwa na jirani zake watatu wa Mbagala kwa dakika kumi, bila kikao. Hakuna aliyesema "panda kivuko." Kwa hiyo mwenye wazazi kisiwani namshauri hivi: hata kama kila safari unapanda kivuko, namba za ofisi za ndege ziwe kwenye simu yako, na ujue nauli yao kabla ya siku kama hiyo. Siku hiyo akili haitafuti namba.

Hivyo hivyo kwa mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili. Anayeweza kukaa kitako, ndege inamfikisha kabla dawa ya maumivu haijaisha nguvu. Waambie mapema ofisini kuwa unasafiri na mgonjwa, kwa sababu ngazi ya Caravan ni nyembamba na hakuna nafasi ya kumlaza mtu kwenye safari ya kawaida. Mjamzito naye aulize kabla ya kukata tiketi.

Woga

Watu wanaogopa injini moja. Naelewa. Injini ya Caravan ni ya jamii ya PT6, aina ambayo imezeeka katika kazi hii dunia nzima na sifa yake ni kutozimika ovyo, lakini bado ni moja, na chini ni maji. Jaketi la kuokolea liko chini ya kiti. Rubani anapoeleza, msikilize, acha kupiga picha.

Wanaoogopa bahari nao wana sababu. Hakuna mtu wa visiwani aliyesahau Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wala Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama ikitoka Dar kwenda Unguja. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja kuishia nguvu pale pale Mafia. Siku hizo vyombo vilikaa bandarini, kama inavyotakiwa.

Maoni yangu ni kwamba watu wanalinganisha vitu visivyo. Kati ya ndege yenye leseni na kivuko chenye leseni, tofauti ya usalama si ya kukukosesha usingizi. Pengo kubwa liko kati ya kivuko na ile boti ndogo ya mbao ambayo kijana anakunong'oneza pale gatini: "Bosi, sisi tunaondoka sasa hivi, usisubiri maji." Anaondoka sasa hivi kwa sababu chombo chake ni chepesi, na ni chepesi kwa sababu hakikubeba cha kukuokoa. Hesabu majaketi. Yakiwa machache kuliko vichwa, rudi kwenye gogo lako usubiri. Na taarifa ya upepo ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, isome jana yake, si gatini.

Pemba ni habari nyingine

Anayeuliza kuhusu Pemba nampa jibu tofauti kabisa, ingawa ndege ni zile zile ndogo na nusu saa ni ile ile kutoka Unguja. Tofauti ni meli. Unguja na Pemba zina meli kubwa, kama Azam Sealink, zinazoondoka bandari ya Malindi usiku na kukufikisha Mkoani alfajiri. Safari ya usiku haikuli siku. Unalala, vizuri au vibaya, mkondo wa Pemba unakutikisa kidogo ukishapita Nungwi, na asubuhi uko gatini unakunywa chai. Kwa hiyo ule muda ambao ndege inakuuzia kwa bei ghali Mafia, Pemba thamani yake inashuka. Na mzigo wako wote unakwenda nawe.

Kinachobaki kuangalia ni unakokwenda. Meli inakushusha Mkoani, kusini. Ndege inatua uwanja wa Karume, jirani na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Mwenye shughuli Wete au Konde ana safari ya gari kutoka Mkoani ya kupita kisiwa chote, na baada ya usiku wa meli hiyo si safari ya mzaha. Mimi Pemba napanda meli, isipokuwa kwenye kusi kali.

Lamu naitaja kwa sababu Wakenya wananiuliza: ndege inatua Manda, ng'ambo ya mji, na hata ukitua bado utapanda boti kuvuka. Anayekwenda kwa basi kutoka Mombasa anashukia Mokowe naye anapanda boti. Kwa hiyo Lamu chombo cha maji hakikwepeki, na uchaguzi ni kati ya ndege na barabara. Barabara ile imetiwa lami hadi Mokowe na si kama ilivyokuwa, ila ilipitia miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na polisi, kwa hiyo uliza hali ya wiki hiyo.

Sasa wewe

Una siku tatu au nne na unataka kuogelea na papa potwe, kisha Jumatatu uwe kazini: ndege, kwenda na kurudi, na usijidanganye. Una wiki nzima, mnakwenda vijana watano na fedha ni za kuchangishana: Nyamisati, mkiwa na usiku mmoja wa akiba. Una watoto wadogo wakati wa kusi: ndege, hata kama itakubidi uahirishe hadi uipate fedha. Una mzee: muulize mwenyewe. Mama yangu mkubwa amekataa ndege maisha yake yote, anasema hapandi kitu kisichoweza kutia nanga.

Kama uwezo ni wa tiketi moja ya ndege tu, wengi huitumia kwenda, kwa hamu ya kufika. Mimi huitumia kurudi. Kwenda ukichelewa siku moja, umepoteza siku ya likizo. Kurudi ukichelewa siku moja, umepoteza kazi, mtihani, au ndege ya Muscat.

Na ule mzigo wa kurudi, ambao ndege itaukataa? Unautenga na mwili wako. Kilindoni kila mtu ana mtu anayepanda kivuko wiki hiyo. Mzigo unaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, unalipiwa, unapewa msafiri au konda wa basi la Nyamisati, na mwenyewe unapaa na kilo zako 15.

Yule mama wa dumu alifanya hivyo hivyo, hapo hapo kaunta. Alipiga simu moja, mjukuu mwingine akaja na baiskeli, dumu likarudi mjini, yeye akapanda ndege na pweza wake. Mimi nilikuwa abiria wa ndege ile ile, tukajuana angani, na kwa kuwa nakaa Rangi Tatu nikajikuta nimekabidhiwa kazi. Siku ya tatu nililipokea chini ya basi la Nyamisati, limefungwa kamba ya makumbi shingoni, kifuniko kimezibwa kwa nta, halijavuja hata tone.